Kundi la Pili la Wasomaji

Jumapili. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na baridi ile ya mwezi wa nane ambayo mtu wa kwetu haizoei hata akae hapa miaka. Mabati ya banda tunamolala yamegongana mpaka nikaona kuendelea kulala ni kazi nyingine. Nimevaa shati la Jumapili, nimetembea mpaka Makole kwenye duka la intaneti, na sasa nimekaa mbele ya kompyuta nabonyeza herufi kwa vidole viwili. Vimekakamaa kwa saruji ya jana.

Sijisikii vizuri. Lakini siumwi.

Najisikia kama mtu aliyefungiwa ndani, na hakuna aliyenifungia. Ndiyo maana ni vigumu kueleza, lakini nitajaribu, maana nikirudi bandani bila kuiandika siku ya jana nitaibeba wiki nzima.

Anayepita hapa kwa mara ya kwanza ajue kwamba mimi ni kibarua. Naitwa Kulwa, natoka Urambo, na tunajenga bweni la wanafunzi katika chuo kimoja nje kidogo ya mji huu wa Dodoma. Nilisoma mpaka kidato cha pili. Nilikuja kwa msimu mmoja tu, baada ya tumbaku yetu kuanza kununuliwa na watu ambao leo wapo na kesho hawapo. Nilisema nitafanya kibarua mpaka mvua zianze, kisha nirudi kulima. Mvua zimeanza na kuisha mara kadhaa. Mke wangu na watoto wako huko. Nikipiga kwenye simu ya jirani ananiuliza narudi lini, ila siku hizi ananiuliza huku anazungumza na mtu mwingine pembeni.

Kwa nini siondoki? Ukifika getini kwetu asubuhi utakuta wanaume wamekaa juu ya lundo la kokoto. Wengine wanatoka Mpwapwa, wengine Kondoa, wengine Singida. Hawajaitwa. Wanasubiri mmoja wetu asitokee. Foromani hahitaji kumtishia mtu. Anatazama tu nje ya geti, nasi tunaongeza mwendo. Mimi pia niliwahi kukaa juu ya kokoto zile, na niliingia siku mtu fulani alipougua. Sikuwahi kumwona sura.

Basi nikiondoka nimepoteza nafasi, na nikibaki nimebaki na karai. Ndivyo nilivyokuwa nikihesabu maisha yangu mpaka alipokuja Neema.

Neema ni mwanafunzi wa chuo hicho hicho tunachokijengea bweni. Ni binti wa watu wa Moshi, mwembamba, anaongea haraka. Yeye na wenzake wanatengeneza jarida la muziki wa kompyuta, ile midundo inayopikwa kwenye mashine bila mpiga ngoma, ambayo redio zote hizi mpya za FM zinaipiga kutwa. Jarida wameliita Waya. Mwalimu wao aliwaambia kwamba kabla hawajaandika hata neno moja waamue kwanza wanamwandikia nani. Wenyewe wanaita kutambua walengwa. Wamtafute msomaji, wajue ana umri gani, amesoma hadi wapi, anafanya kazi gani, anasikilizia muziki wapi, na anataka kujua nini.

Alikuja kwetu kwa sababu ya redio. Redio ni ya Mzee Chilewa, kibarua mwenzetu, imefungwa juu ya mlunda, mti wa jukwaa la ujenzi, kwa waya wa nondo, na sauti yake inafika mpaka madarasani. Neema alisimama chini ya kiunzi na daftari lake akitutazama tunavyorushiana karai. Unajua, mdundo ukiwa mzuri karai zinakwenda zenyewe. Mtu hafikirii mkono. Aliona hilo, akacheka peke yake, akauliza nani anapenda muziki huu kuliko wote. Wote wakaninyooshea vidole mimi.

Alikuja mara nyingi baada ya hapo, wakati wa chakula. Aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na mtu. Unapousikia mdundo unafikiria nini? Ungependa kujua nini kuhusu aliyeutengeneza? Unasoma nini? Nilimwambia ukweli, kwamba nasoma magazeti yanayofungiwa maandazi, na kwamba mara nyingi habari inaishia pale penye mafuta. Hakucheka. Aliandika.

Siku moja akafunga daftari, akasema, "Kaka Kulwa, nadhani wewe ndiye tunayemtafuta."

Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wawili, lakini neno hilo lilinikaa. Tangu nifike Dodoma hakuna aliyekuwa akinitafuta.

Na hakuishia hapo. Alisema kama wataamua kwamba msomaji wa Waya ni vijana wa kazi za mikono, yaani vibarua, mafundi wa gereji, wapiga debe, vinyozi, basi jarida halitauzwa kwenye maduka ya vitabu mjini. Litapelekwa kwa watu walipo. Wanafunzi wana vipindi, hawawezi kuzunguka. Watahitaji mtu wa kuzunguka nalo kwa baiskeli, na mwenye duka la kompyuta mjini, yule aliyekubali kulipia uchapishaji, ameshasema mtu huyo atalipwa mshahara wa mwezi. "Ungeweza?" akaniuliza.

Kama ningeweza.

Mkono wangu wa kulia sasa haupandi juu ya sikio, bega limechoka. Asubuhi navaa shati kwa kuanza na mkono huo, kama mtoto anayevishwa. Niliona baiskeli. Nilijiona nasimama gerejini, nauliza habari za kazi, nafungua mkoba. Nilifikiria mpaka njia nitakayopita, nianzie soko kuu, niende stendi, nizunguke Area D wanakojenga nyumba nyingi, nirudi. Mshahara wa mwezi ni kitu ambacho unaweza kumwambia mke tarehe yake.

Basi tangu hapo nilikuwa natembea na kitu ambacho wenzangu hawakukiona. Karai ilikuwa ile ile, lakini nilikuwa naibeba kama mtu anayemalizia.

Wiki iliyopita Neema aliniletea toleo la majaribio, karatasi chache za fotokopi zilizobanwa pini. Nilikusudia kusoma peke yangu. Haikuwezekana. Saa ya ugali, mama lishe akiwa bado anapakua, Mzee Chilewa alisema, "Mnyamwezi, hicho unachokisoma kimya kimya ni hirizi? Soma tusikie."

Ni lazima nieleze Mzee Chilewa ni nani. Ni Mgogo wa hapa hapa, ameshapita umri wa kubeba zege lakini anabeba. Na Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Asubuhi nampa shikamoo, ananiitikia marahaba kwa heshima zote, na baada ya hapo tunatukanana mpaka jioni. Watu wa pwani wanaotukuta mara ya kwanza huwa wanataka kutuamulia.

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, kwa kidole, maneno magumu nikiyaruka na mengine nikiyatafsiri kwa kubahatisha. Palikuwa na habari ya kijana mmoja anayetengeneza midundo chumbani kwa dada yake, anarekodi sauti za mtaani, mlango, ndoo, mashine ya kusaga, kisha anazipanga kwenye kompyuta mpaka ziwe ngoma.

"Nani anapiga?" akauliza Chilewa.

"Hakuna anayepiga, mzee. Kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Yake huyo kijana. Ya dada yake."

"Basi anayepiga ni dada yake." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Ngoma haikosi mwenyewe. Ukisema haina mwenyewe nitajua mmeiiba. Endelea."

Tulikuwa kumi na wawili pale. Hakuna aliyekwenda kulala kwenye kivuli siku hiyo, na mapumziko ya mchana ndiyo usingizi wetu wa kweli. Walinikatiza, walibisha, mmoja alitaka nirudie pale kwenye mashine ya kusaga kwa sababu kwao wanayo na anaijua sauti yake. Kengele ilipogongwa tulikuwa hatujafika mwisho. Kesho yake wakaniambia niendelee, na kesho yake tena.

Nilimweleza Neema kwa furaha. Nilimwambia, dada, nakala moja tu hii, na imesikilizwa na watu kumi na wawili. Macho yake yaliwaka. Aliandika, akapigia mstari. Akasema, "Hilo ndilo nitawaambia Jumamosi. Tena uje uliseme mwenyewe. Saa tisa mchana, chumba cha maktaba. Mwalimu atakuwepo, na mwenye duka atakuwepo. Siku hiyo ndiyo tunaamua."

Jumamosi ndiyo jana.

Jana ndiyo tulimwaga zege la slabu, yaani sakafu, ya ghorofa ya kwanza.

Kwa asiyejua kazi hii: zege la slabu likianza haliachwi katikati. Likikauka nusu na nusu nyingine ikamwagwa baadaye, pale zinapokutana panabaki ufa, na siku moja mtu analala chini ya ufa huo. Kwa hiyo watu hupangwa mstari kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia mpaka juu, kila mtu na kipande chake cha ngazi, na karai inapita mikononi bila kukaa. Akitoka mmoja, walio pande zake mbili wanavuta mikono kufikiana. Wakitoka wawili mstari unakufa. Waswahili wa mijini wanasema zege halilali wakimaanisha mambo yao ya starehe. Sisi tunalisema kama lilivyo.

Foromani alikuwa amesema tutaanza alfajiri na kufikia saa saba tuwe tumenawa. Nilimwomba ruhusa ya saa tisa, akasema hiyo saa tisa yeye mwenyewe atakuwa amelala. Nikawa na amani. Shati hili nililovaa leo nililileta jana kwenye mfuko wa plastiki, nikalining'iniza kwenye msumari ndani ya stoo.

Maji hayakuja.

Mji huu na maji wanajuana wenyewe. Boza la maji lililotakiwa kuwa limefika kabla ya jua lilifika jua likiwa juu ya vichwa. Tulikaa kwenye mchanga, mashine ya zege imenyamaza, na mimi natazama barabara kama anayesubiri mgeni. Nikamwambia Chilewa, "Nyie Wagogo, mababu zenu walituuzia maji hapa, na nyinyi mpaka leo mnayabana."

"Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu za watu vichwani," akasema. "Tukawaonea huruma, tukawauzia. Tungejua mtazaa watu kama wewe tungefukia visima."

Hapo bado nilikuwa nacheka.

Tulianza. Mimi niliwekwa juu kabisa, mwisho wa ngazi, pale karai inapopokewa na kumwagwa. Chilewa alikuwa chini yangu tu. Kutoka kule juu unaona chuo chote, na maktaba iko ng'ambo ya uwanja, madirisha yake yananitazama usoni. Redio haikuwashwa kwa sababu siku ya zege Foromani anataka sauti yake isikike. Kwa hiyo tulibeba bila mdundo. Karai inapanda, inamwagwa, inashuka tupu, na nyingine imeshafika.

Niliwaona wakiingia. Kwanza wanafunzi, na viti. Kisha mwalimu wao na mkoba. Kisha gari dogo jeupe, akashuka mtu wa shati la mikono mifupi, akafuta vumbi kwenye viatu. Huyo ndiye mwenye duka. Sikuwa na saa, ila kila mtu anayejenga anajua kivuli, na kivuli kilikuwa kimeshafika pale pa saa tisa. Slabu ilikuwa haijafika hata nusu.

Nilimwita Foromani. Nilimwambia, mkuu, yale mambo yangu ya saa tisa.

Hakukasirika. Yeye si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alitazama mstari, akatazama zege lililolala pale linang'aa, akasema, "Nenda. Sijakushika. Ila ukiteremka ngazi hiyo, ndiyo umeteremka."

Nje ya geti walikuwepo wale wa juu ya kokoto. Hata Jumamosi mchana wanakuwepo.

Chilewa alisikia. Alisema bila kunitazama, "Nenda, Mnyamwezi. Nitashika pawili."

Alikuwa anapumua kwa mdomo. Kifua chake mwezi huu hakijamwacha, na usiku nasikia bandani anavyokaa kitako ili apate hewa. Ningependa kuandika hapa kwamba nilibaki kwa ajili yake, na mtu akisoma anione mwema. Si kweli yote. Nilibaki kwa ajili yake kidogo, na kwa kuogopa lile geti sana. Nilifikiri, jarida bado ni karatasi za pini. Wakiamua vinginevyo nitakuwa nimeacha karai halisi kwa baiskeli ya maneno. Nilifikiri pia kwamba Neema anaijua hoja yangu, ataisema. Anasema vizuri kuliko mimi.

Nikapokea karai iliyofuata.

Baadaye Neema alitoka kwenye baraza ya maktaba. Aliweka faili juu ya macho kuzuia jua, akatazama upande wetu, akitafuta. Sisi kule juu wote tunafanana, tumekuwa rangi moja. Nilinyanyua mkono. Ule wa kushoto, huo unanyanyuka.

"Unamuaga nani?" Chilewa akasema, karai imejaa kifuani kwake. "Chukua hii kabla sijakumwagia."

Nikachukua. Nilipotazama tena baraza ilikuwa tupu, na mtu alikuwa anafunga madirisha ya maktaba kwa sababu ya vumbi.

Vumbi letu.

Sijui kama kuna mtu amewahi kutazama maisha yake yakizungumzwa ndani ya chumba, naye yuko mbele ya dirisha, na hasikii neno. Nilijaribu kusoma vichwa vyao kupitia kioo. Huyu ametingisha kichwa, je, ni ndiyo au hapana? Wamecheka, wanacheka nini? Nilikosea kumwaga karai mbili, fundi akanifokea. Lile gari jeupe liliondoka, na sisi bado tuna kona moja nzima ya slabu.

Tulimaliza jua linaingia. Tulikuwa tunaosha karai na mabeleshi kwa maji machache yaliyobaki kwenye pipa, Neema akaja. Nilijua kwa mwendo wake. Mtu mwenye habari njema huwa anaanza kuongea kutoka mbali.

"Pole na kazi, kaka Kulwa."

"Tumeshapoa. Habari ya kikao?"

Alisema kikao kilikwenda vizuri, jarida litachapishwa, na walengwa wamepatikana. Alinieleza kwa utaratibu kama anasoma ubaoni. Kundi la kwanza ni wanafunzi wa vyuo, na vijana walioajiriwa maofisini wanaokaa Area D na mjini, wenye kompyuta au wanaotumia za kazini. Hao ndio wataandikiwa. Kundi la pili ni wasikilizaji wengine wa muziki huu.

"Mimi niko la ngapi?"

"La pili."

"Kundi la pili wanaletewa jarida?"

"Hapana. Tumeandika tu kwamba mpo."

Nilikuwa nimeshika karai nikiisugua kwa mchanga, nikaendelea kuisugua ingawa ilikuwa imetakata.

Akaeleza ilivyokuwa, na sauti yake haikuwa ya ubaoni tena. Alisimama, akasema hoja yangu jinsi nilivyomwambia: nakala moja, saa ya chakula, watu kumi na wawili wanasikiliza mpaka wanaacha kulala. Mwalimu aliipenda. Wenzake walipiga makofi. Ndipo yule mwenye duka akanyanyua mkono na kuuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo ni mmoja ananunua, kumi na mmoja hawanunui?"

Neema alisema, "Yeye anataka watu watakaoliona tangazo lake na kwenda dukani. Nikasema wanasikiliza. Akasema tangazo lake ni picha."

Kwa hiyo hoja niliyoiona ndiyo mlango, ndiyo iliyotufungia nje. Wala hakusema uongo. Kumi na mmoja hawanunui, na huyo mmoja mwenyewe alipewa bure.

Kisha akasema neno ambalo afadhali angelibakiza. "Labda ungekuwepo. Labda angekuona."

Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo. Angeniona nini? Shati langu la Jumapili? Au angeniona mtu, akabadili mawazo, na leo nisingekuwa naandika haya? Sitajua. Hicho ndicho chumba nilichofungiwa, na naona nitakaa humo muda mrefu. Kama nisingeweza kutoka ningekuwa na amani. Foromani alinifungulia, akasema nenda.

Neema aliniomba radhi. Nilimwambia hana kosa, na ni kweli hana. Ni mtoto wa watu, ana mwalimu, ana tarehe ya kukabidhi kazi. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu hapa Makole, akanifundisha kubonyeza palipoandikwa chapisha. Kabla hajaondoka alisema nisiache kuandika. Nikasema nitaona. Nilitaka aondoke haraka kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na mimi sipendi kuonwa hivyo na binti.

Alipovuka uwanja, Chilewa alikuja kukaa kwenye toroli lililopinduliwa. Alikuwa amesikia yote. Nilijua utani unakuja, nikauandalia uso.

"Wanyamwezi," akasema. "Mungu aliwapa vichwa vya kubebea mizigo ya watu. Umechoka zege, ukataka ubebe magazeti. Hata ndoto zako zina mzigo."

Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakapata njia ya kutokea bila mtu kuuliza. Watani wanajua kazi hiyo. Msibani kwetu wao ndio huja kufanya vituko mbele ya jeneza, mfiwa acheke apumue.

Halafu alivuta pumzi mara mbili tatu, akisubiri kifua kitulie. Aliponiuliza hakuwa anatania, kwa sababu aliniita jina langu, na Chilewa haniiti jina langu.

"Kulwa. Yule kijana wa ngoma, chumbani kwa dada yake. Hatujafika mwisho. Tuliishia pale alipoambiwa ahame. Au na sisi tusijue, kwa kuwa hatumo?"

Niliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Karatasi zile ziko chini ya godoro langu. Jana usiku nilitaka kuzichoma. Sikuzichoma, lakini sikuzisoma pia. Nilijiambia kwamba kama hatukuandikiwa, basi tusijipendekeze. Leo njiani kuja huku, upepo unanipiga usoni, nimejiuliza kama hiyo ni heshima au ni hasira tu inayojifanya heshima. Wale kumi na mmoja hawajui habari ya kundi la kwanza wala la pili. Wanajua kwamba kijana aliambiwa ahame, na kompyuta si yake.

Kesho ni Jumatatu. Slabu itamwagiwa maji asubuhi ili isipasuke, kisha tutapandisha matofali. Mama lishe atapakua. Mzee atakaa mahali pake na sahani yake, atanitazama mikono kama nimeshika zile karatasi, na mimi sina pa kwenda.